Kesi ya Maharagwe ya Mama Nduta

Mzee mmoja wa Endebess alikuwa anauliza kama dawa ya kupe ya ng'ombe inaweza kuogesha mbuzi pia, na kabla hajamaliza swali, Hesbon Wangila alikuwa ameshapotea. Aliruka gunia la mbolea, akanyakua ufunguo wa choo kwa msumari, akakata kona nyuma ya duka. Mzee akabaki ameshika chupa. Kim, mwenye hiyo agrovet, duka la dawa za mifugo, ndiye alimalizia kumhudumia. Akamwambia pole mzee, huyu kijana yangu siku hizi anafanya kazi nusu duka, nusu choo.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Shida yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi watu wa kwao Hesbon walikuwa watoke Naitiri, huko upande wa Bungoma, waende Kachibora kwa kina Nduta. Nduta ndiye msichana Hesbon alitaka kuoa, mwalimu wa chekechea, mdogo wa mwili lakini akikuangalia vibaya unakumbuka dhambi za darasa la tatu. Ilikuwa siku ya wazee kuketi na wazee, na baada ya hapo ndio mambo ya ng'ombe yaanze kuongelewa. Sasa Nduta alikuwa ametuma ujumbe, maneno machache, ile aina ya ujumbe unasoma ukiwa umesimama: "Mum amesema hii mara usipokula kwake, usirudi tena. Na mimi siwezi kubishana na yeye juu ya hiyo."

Hesbon aliisoma kama mara kumi. Hakuna mtu alikuwa anamwambia apande Mlima Elgon na magoti. Alikuwa anaambiwa tu ale. Na kula kwa Mama Nduta ndicho kitu kimoja duniani kilikuwa kimemshinda.

Mambo ilianza Pasaka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alienda Kachibora kuonekana na wazazi wa msichana. Alikuwa ametoka nyumbani Naitiri asubuhi, nguo imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na mambo yote amefundishwa. Kwao, kijana akienda kuonekana, haachi chakula kwa sahani. Ukiacha hata kijiko kimoja umedharau mkono wa mama, na ukidharau mkono wa mama, binti umemwachia nani? Hesbon alijua hiyo sheria tangu akiwa mtoto.

Kile hakujua ni kwamba kwa kina Nduta kuna sheria yao. Kwa Mama Nduta, sahani ikiwa nyeupe, mgeni hajashiba, unamwongeza. Mama Nduta jina lake Nyaguthii, anauza viazi na maharagwe soko ya Kachibora, na hajawahi kutoa mgeni kwake na njaa tangu azaliwe. Basi akaleta githeri, mahindi na maharagwe, imekaangwa na viazi, mlima mzima. Hesbon akamaliza kwa heshima. Mama akaongeza kwa heshima. Hesbon akamaliza tena, jasho linatoka. Mama akaangalia hiyo sahani imepanguswa safi akasema moyoni, maskini, huko kwao kuna ukame? Akaongeza ya tatu. Juu yake chapati mbili, na chai ya maziwa ile nzito ya kukaa na utandu.

Kufika Kitale jioni, tumbo yake ikafungua mashtaka. Alilala kitandani siku nne akiendesha, choo baada ya choo, homa juu, akijikunja kama kiwavi. Ya tano akapona, ama alifikiri amepona.

Kwa sababu kutoka hiyo siku, ile tumbo haikuwa yake tena. Alirudi Kachibora mwezi wa tano, akala githeri kidogo tu, na kabla ya maombi ya kumaliza alikuwa nyuma ya nyumba ameshika ukuta. Huku mjini pia, siku zingine sawa, siku zingine anakula kitu kwa kibanda na nusu saa baadaye kuna mtu anasokota nguo mbichi ndani yake. Mara ya tatu alienda Kachibora mwezi wa saba. Sahani ikawekwa mbele yake, akaiangalia, akasema ameshiba. Hakugusa hata viazi.

Na hakueleza. Hapo ndio palikuwa na fundo. Kwa Babukusu, watu wa kwao Hesbon, mama mkwe hashikwi mkono. Humwangalii machoni, huketi karibu na yeye, na ukikutana naye njiani unapanda kando kama umeona gavana. Sasa huyo ndiye utamwambia habari ya kuendesha? Hesbon aliinamisha kichwa na kunyamaza, na kichwani mwake hiyo ilikuwa heshima kamili, heshima ya kufundishia wengine. Mama Nduta naye aliona mwanaume ameangalia chakula chake vile mtu anaangalia sumu.

Hospitali alikuwa amezunguka mpaka anajulikana kwa jina. Kliniki ya kwanza walimwambia typhoid. Ya pili wakasema amoeba. Ya tatu typhoid tena, sijui ile ya kwanza ama nyingine mpya. Akameza dawa ya minyoo, akadungwa sindano ya brucella, akakatazwa pilipili na mawazo. Kim alimwambia kwa mzaha kwamba pale rafu ya juu kuna dawa ya ndama inafanya kazi na siku moja, na Hesbon, vile alikuwa amechoka, alijikuta anasoma maandishi ya hiyo chupa. Mwishowe akaingizwa kamera ndani ya matumbo. Ikatoka ikisema huko ndani kuko safi, hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna kitu.

Hakuna kitu. Hayo ndiyo maneno yalimchanganya zaidi. Heri wangepata mnyama.

Baba yake, Mzee Wamalwa, hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Mzee alikuwa karani kwa ofisi ya serikali miaka mingi, sasa amestaafu na ni mzee wa kanisa, mtu wa kusoma barua mara mbili kabla ya kuweka sahihi. Aliposikia kamera imekosa kitu, alisema kwa simu, polepole, kama anasoma hukumu: "Umelishwa. Kitu ya daktari ingeonekana." Hesbon akamkumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Mzee akajibu kwamba Biblia haijasema uchawi hakuna, imesema tusiufanye.

Kutoka hapo Mzee Wamalwa akatangaza haendi Kachibora. Hatapeleka meno yake mahali mtoto wake aliwekewa kitu. Na bila baba, hakuna wazee, hakuna mazungumzo, hakuna Nduta.

Ubaya ni kwamba Hesbon alikuwa anaona kama mzee ana hoja. Hiyo hakumwambia mtu. Lakini ukimwekea mtu hesabu mbele: amekula pale, amegonjeka pale pale, anarudi pale anagonjeka tena, na mashine haioni kitu. Mtu wa akili atasema nini? Alimpenda Nduta sana, na wakati huohuo kuna usiku alijiuliza Mama Nduta alitumia mkono gani kupakua. Halafu anajichukia. Halafu tumbo inanguruma, anajiuliza tena.

Alhamisi Kim alimpa ruhusa aende kuona daktari mmoja wa tumbo, Daktari Kipkorir, ambaye anakujanga Kitale siku moja kwa wiki kwa kliniki ya ghorofani. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na viatu vya kazi vya shamba, matope bado. Alisoma zile karatasi zote, akauliza maswali ya aibu kama anauliza bei ya vitunguu, kisha akasema hii inaitwa IBS. Matumbo yenye hasira za haraka. Akasema watu wengi wanayo, na wengi wao wamemeza dawa ya typhoid ya kutosha kuogesha ng'ombe.

Hesbon akauliza, kwa hivyo ni kichwa yangu inanidanganya? Kwa sababu kamera haikuona kitu.

"Uchungu ni wa kweli," daktari akasema. "Kamera inaona ukuta. Haioni askari wenye wako ndani ya ukuta."

Akachukua karatasi ya dawa, akachora bomba, na ndani ya ngozi ya bomba akaweka nukta nukta. Akasema hizo ni seli za kinga, kuna aina moja zinaitwa mast, zimebeba mifuko midogo ya kemikali, na kazi yao ni kulinda. Mdudu akiingia, zinapasua mifuko. Maji yanamwagika, matumbo yanasukuma, unaendesha, mdudu anatoka. Hiyo ni kazi nzuri. Shida ni saa ingine, pale katikati ya vita, kuna chakula inapita.

"Umewahi kuona polisi wakifika mahali kuna fujo?" akauliza.

Hesbon akasema ameona. Nani hajaona?

"Wenye kurusha mawe wanakuwa wameshakimbia. Nani anashikwa? Mama anapita na kikapu yake. Sasa fikiria wamechukua picha ya huyo mama, wakaibandika kwa ukuta. Wadudu wamekwisha miezi iliyopita. Lakini kila siku huyo mama akipita, wanaruka na marungu."

Akaeleza kwamba hizo seli zikipasua mifuko yao karibu na mishipa ya fahamu, mishipa inakuwa kali, hata hewa kidogo unaisikia kama kisu. Na kwa sababu hiyo vita ni ya mahali pamoja tu, pale ndani ya ukuta wa utumbo, ukipimwa damu ama ngozi kama mtu wa aleji, unaweza kukuta hakuna kitu. Halafu akaongeza kitu ambacho kilimharibia Hesbon raha yote. Akasema hayo ni mambo bado yanachunguzwa, si kila mwenye IBS ni hivyo, na yeye mwenyewe hawezi kuapa kwamba Hesbon ni mmoja wao. Dawa ya kutuliza hizo seli wengine inawasaidia, wengine wapi. Ajaribu. Aache maharagwe, ngano na maziwa wiki kadhaa, kisha arudishe kimoja kimoja, aone ni nani anapigwa.

"Kabla ya hiyo chakula ya Pasaka," daktari akauliza akimsindikiza mlangoni, "ulikuwa mzima kabisa?"

Hesbon akasema mzima kabisa.

Alishuka ngazi akiwa na akili imejaa kama gunia lisilofungika. Kwa hivyo Mama Nduta hana makosa, lakini chakula chake ndicho kinamwumiza. Mwili wake unadanganya, lakini uchungu ni wa kweli. Na mdudu mwenye alianzisha fujo alitoka wapi, kama kabla ya githeri alikuwa mzima? Si basi alikuwa kwa hiyo githeri? Si basi tumerudi palepale?

Ijumaa akaenda Naitiri. Alimkuta baba kwa kiti chake cha kamba nje ya nyumba, miwani imeshuka puani, anasoma kumbukumbu za kanisa. Hesbon akasalimia, akaulizwa habari ya kazi, akajibu, akaketi kwa stuli ya chini vile inatakiwa. Kisha akaeleza. Alijaribu bana. Aliweka bomba, akaweka seli, akaweka mifuko. Alipofika kwa polisi na mama wa kikapu, hata yeye alisikia vile inasikika. Mzee alimsikiza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo daktari ameona hizo askari na macho yake? Hesbon akasema hapana, si wa kuonekana na kamera. Mzee akasema vizuri, kwa hivyo yeye ana kitu haionekani na mimi niko na kitu haionekani, tofauti ni yeye amesomea chuo huko Eldoret. Akarudi kwa kumbukumbu zake.

"Papa, kesho ni siku yao. Wamepika."

"Lakini mimi sijaitikia," mzee akasema bila kuinua macho.

Hesbon akaenda jikoni kwa mama. Mama yake, Nakhungu, alikuwa ameketi kwa gunia anachambua mahindi ya kusaga. Ni mama wa maneno machache, ile aina unamwambia kitu ukifikiri hasikii, kisha wiki ijayo anakurudishia neno kwa neno. Hesbon akaketi karibu naye akatoa yote. Alipofika pale daktari aliuliza kama alikuwa mzima kabla ya kula, mkono wa mama ukasimama juu ya ungo.

Akauliza, na wewe ulimwambia nini?

Hesbon akasema alimwambia alikuwa mzima.

Mama akaangalia mlango. Akasema kwa sauti ya chini, sasa kwa Lubukusu, lugha ya nyumbani, kwamba hiyo wiki ya Pasaka hakuna mtu alikuwa mzima kwa hii boma. Mvua ilikuwa imeingiza maji machafu ya juu kwa kisima. Alhamisi yeye mwenyewe alianza, Ijumaa ikawa mzee, watoto wa jirani wanaochota hapa wakafuata. Mzee alikunywa maji ya chumvi na sukari siku tatu, mlango umefungwa. Na hiyo ilikuwa wiki ndugu wa kanisa kutoka Bungoma mjini na mpaka Cheptais walikuwa wamekula na kulala hapa kwa mkutano wa Pasaka, wageni wa mzee. Basi mzee akasema hilo neno lisitoke kwa hii boma. Mzee wa kanisa amewanywesha ndugu maji ya choo? Kisima kikatiwa dawa, watu wakanyamaza, ikaisha.

"Na wewe ulifika kutoka Kitale Ijumaa, tukakuficha, ukakunywa hayo maji, na Jumamosi asubuhi ukaenda choo mara tatu kabla utoke," mama akasema. "Nilikupatia vidonge viwili vyeupe na chai ya rangi. Umesahau kwa sababu ulikuwa unawaza msichana."

Hesbon alikumbuka vidonge. Vilimjia vikiwa hivyo hivyo, vyeupe, kwa kiganja cha mama, na yeye anauliza kama tai imekaa sawa. Alikuwa ameondoka hapa na mdudu tayari tumboni. Akambeba mpaka Kachibora, akamketisha mezani, akamwekea githeri juu sahani tatu.

Miezi minne baba yake alikuwa anajua. Ama hakujua? Labda mtu akificha kitu vizuri sana hata yeye mwenyewe anakosa kukiona. Hesbon hakuweza kuamua. Alitaka kutoka nje amwambie mzee yote usoni, lakini akajizuia, kwa sababu huyo ni baba yake, na neno kama hilo ukishalisema kwa baba huna pa kulirudisha. Kisha akaenda akasimama mbele ya kiti cha kamba.

"Papa, mimi kesho naenda. Nitamwambia Mama Nduta vile nilitoka hapa nikiwa naendesha. Sitasema kisima. Nitasema mimi tu."

Mzee Wamalwa akatoa miwani. Aliangalia upande wa jikoni, akaangalia kijana, akafuta miwani na ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Aliuliza tu kama hiyo barabara ya Kachibora bado ni mbovu.

Jumamosi saa saba walikuwa Kachibora: Hesbon, mama yake, wazee wawili wa ukoo, na Mzee Wamalwa na koti lake la kijivu, ambaye hakuna mtu alimwuliza kwa nini amekuja. Zachary, baba ya Nduta, mtu mrefu mnyamavu, aliwapokea mlangoni. Wakaketi. Wakaomba. Nduta alipita na maji ya kunawa, na alipofika kwa Hesbon alimwagia mengi kidogo kuliko inatakiwa, hiyo ikiwa ndiyo salamu.

Kisha chakula kikaingia. Githeri, chapati, kuku wa mchuzi, na kwa upande ugali na mboga za kienyeji, kwa sababu Nduta alikuwa amewaambia kwamba hawa wageni bila ugali watasema hawakula. Mama Nduta alipakua sahani ya Hesbon mwenyewe, na mkono wake. Akaiweka mbele yake. Hakuenda kuketi. Alisimama pale pale ameshika kijiko kikubwa, na nyumba nzima ikajua kwamba hiyo ndiyo mahakama.

Hesbon aliangalia githeri. Tumbo yake ikajikunja hata kabla ya harufu, na hapo akachanganyikiwa upya, kwa sababu huyo mama wa kikapu hata hajapita barabarani na polisi wameshatoka. Ni seli ama ni woga? Akafungua mdomo. Akaongea akiangalia miguu ya meza, kwa sababu usoni hakuweza.

"Mama, nisamehe. Naongea kitu mkwe haongei. Mimi ni mgonjwa wa tumbo tangu Pasaka. Nikikula hii, naendesha mpaka nashika ukuta. Si chakula yako. Nilikuja hapa kutoka kwetu nikiwa nimeshaanza kuendesha, na nikaficha. Daktari anasema mwili yangu ilishika chakula yako ikipita wakati wa vita, ikafikiri ndio adui. Mpaka leo haijaiachilia."

Mzee mmoja wa ukoo akakohoa. Mama yake Hesbon akafunika uso na leso.

Mama Nduta akaweka kijiko chini.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu mimi naosha hiyo sufuria mara mbili. Nimebadilisha mtu ananiuzia maharagwe. Naingia soko, wamama wananyamaza. Nikajiuliza, huyu mtoto wa watu anafikiri mimi ni mtu wa aina gani? Na wewe ulikuwa unaharisha tu?"

"Ndio, mama."

"Na ukakosa mdomo."

Hesbon akasema kwao mkwe hamwambii mama mkwe mambo hayo, ni adabu. Mama Nduta akamwambia kwamba yeye ana watoto watano na hakuna kitu inatoka kwa mtoto wa mtu hajaosha. Nduta akacheka kwa pua, akajifanya anafuta meza.

Hapo ndipo Mzee Wamalwa akavuta sahani ya Hesbon. Hakuomba ruhusa. Aliisukuma tu ikaja mbele yake juu ya kitambaa, akachukua kijiko.

"Ni kisima changu," akasema, na sauti ile ya kusoma hukumu haikuwako. "Pasaka kiliharibika. Sisi sote tuliumwa kwangu, na mimi nikafunga watu mdomo. Kijana ametoka na ugonjwa kwangu. Nikamwambia umeuweka wewe, Mama Nduta. Hakuniambia niseme hivi."

Kisha akala. Alikula hiyo githeri polepole, akitafuna kila punje, macho kwa sahani, na watu wote wakimwangalia kama anatia sahihi. Zachary, ambaye hakuwa amesema neno tangu maombi, akamsogezea chumvi. Hakuna aliyesema amesamehewa, lakini mmoja wa wazee akavuta sahani yake, wengine wakafuata, na mazungumzo yakaanza kutoka pembeni, kuhusu mvua na bei ya mbegu, vile mazungumzo makubwa yanaanzanga.

Hesbon akapewa ugali na mboga, kwa vile hizo hazikuwa kwa orodha ya daktari. Akala kwa furaha, mara ya kwanza kwa miezi minne kula kwa hiyo nyumba bila kuogopa. Alifikiri, imeisha. Nimejua adui, nimemwacha, imeisha.

Haikupita nusu saa. Ilikuja ile ile, mtu wa kusokota nguo mbichi, kutoka kushoto kwenda kulia. Akaangalia baba yake. Mzee alikuwa amemaliza sahani na anaongea na Zachary kuhusu ndama, mzima kama jembe. Mwenye kula maharagwe hana kitu, na mwenye kula mboga anakufa. Hesbon akashika meza. Hakuelewa tena. Kama si maharagwe, zile siku zote ilikuwa nini? Ama huyo daktari pia anabahatisha kama wa typhoid? Ama baba alikuwa—hapana, hiyo hakutaka kuimaliza.

Mama Nduta alikuwa amemwona. Mama wa soko anaona kila kitu. Akakuja akasimama karibu naye, na safari hii Hesbon, kwa uchungu, alisahau kuangalia miguu ya meza. Alimwangalia usoni.

"Mama, hizi mboga umekaanga na nini?"

"Na kitunguu. Nikaweka maziwa, ile ya kulala, imeganda. Nduta alisema nyinyi mnapenda mboga yenye maziwa." Akaangalia sahani ya mboga. "Maziwa ulikatazwa?"

Hesbon akasema alikatazwa, lakini hakuwa ameiona humo ndani. Mama Nduta akavuta stuli akaketi, karibu kabisa, magoti yakikaribia kugusana, mpaka wazee wa Naitiri wakaangalia dirisha. Akaanza kuuliza. Pasaka ulikunywa chai ngapi? Tatu. Mwezi wa tano? Moja, na maziwa. Huko Kitale, siku zile inakushika, unakuwa umekula ama umekunywa nini? Hesbon akajaribu kukumbuka, akakuta siku zingine ni chai, siku zingine mandazi, siku zingine hakumbuki kitu. Akasema labda ni maziwa. Labda ni maharagwe na maziwa. Labda ni ngano. Labda leo ilikuwa ni kuogopa tu. Daktari alisema hata yeye hawezi kuapa.

"Huyo daktari wako hajui," Mama Nduta akasema.

"Hajui yote."

"Na wewe hujui."

"Sijui, mama."

Mama Nduta alimwangalia, huku Hesbon amejikunja, jasho limejaa kwa paji la uso, mkono mmoja kwa tumbo, juu ya suruali yake nzuri. Nyuma yao Zachary na Mzee Wamalwa walikuwa wamefika kwa habari ya ng'ombe wa maziwa, lakini bado kwa kuzungukazunguka, bado hawajasema ng'ombe wa nani anaenda wapi.

"Jumamosi ijayo ukuje," Mama Nduta akasema. "Nitapika maharagwe peke yake, na maji na chumvi, hakuna kitu ingine. Utakula nikikuangalia. Ikikushika tutajua. Isipokushika, ile Jumamosi ingine tutapika maziwa." Akainuka, akachukua sahani ya mboga mbele yake, akaonyesha mlango wa nyuma na kidevu. "Sasa enda. Choo ni pale nyuma ya zizi, na usifunge mlango na nguvu, bawaba imelegea."